Kuusoma Ushuhuda: Utangulizi wa Utafiti wa Maisha ya Waimbaji wa Injili

Karibu katika uwanja ambao huenda ulishauingia kabla ya kujua kwamba una wasomi wake. Aliyekulia kanisani, aliyesimama kwenye kwaya akishika sauti ya pili, aliyewasikiliza waimbaji wakieleza walikotoka kabla ya kuanza kuimba, tayari ana sehemu kubwa ya vifaa vinavyohitajika hapa. Anajua wimbo unapoanza kuwashika watu. Anaitambua tofauti kati ya anayeimba na anayehudumu. Mambo hayo hayafundishiki kirahisi darasani, na wasomi wengi waliokuja kutoka nje ya makanisa wamehangaika miaka mingi kuyapata.

Kinachobaki ni kujifunza kusoma. Maisha ya mwimbaji wa Injili hutufikia kwanza kama ushuhuda: nilikuwa kule, Mungu akanigusa, leo naimba. Mwimbaji huutoa kanisani, kisha redioni, kisha gazetini, na mwishowe katika kitabu cha maisha yake. Kila unaporudiwa hupunguzwa hapa na kunyooshwa pale. Mtafiti anayeanza hukosea kwa namna mbili. Yuko anayeunakili wote na kuuita historia. Yuko anayeuweka kando kwa kuwa ni mambo ya imani, akabaki na orodha ya albamu na tuzo. Mimi nashikilia kwamba ushuhuda ni sehemu ya kazi ya mwimbaji sawasawa na wimbo wake. Una kanuni zake na hadhira yake, una yale unayoyatanguliza na yale unayoyanyamazia. Anayeusoma kwa heshima na kwa makini ataliuliza swali ambalo ushuhuda wenyewe hauna nafasi ya kulijibu: ni nani wengine waliokuwapo?

Nitautumia mfano mmoja kwa kirefu, wa Mahalia Jackson, mwimbaji wa Injili wa Marekani, kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi, alifariki zaidi ya nusu karne iliyopita, na maswali tunayowauliza waimbaji wetu leo kuhusu fedha, mavazi, jukwaa na dunia, yeye aliulizwa yote.

Alizaliwa New Orleans tarehe 26 Oktoba. Kuhusu mwaka, vitabu vingine vinasema 1911 na vingine 1912, na mwanafunzi asiharakishe kukasirikia tofauti hiyo. Familia ya Weusi maskini katika Kusini ya Marekani, chini ya sheria za ubaguzi, ilikumbuka uzazi kwa misimu na matukio zaidi ya vyeti. Mama yake, Charity, alifariki mtoto akiwa na miaka kama mitano, naye akalelewa na mama yake mkubwa, Mahala, aliyejulikana na wote kwa jina la Duke. Huyu alikuwa mwanamke wa kanisa la Kibaptisti na wa kazi ngumu, na nyumbani kwake muziki wa kidunia haukuruhusiwa. Ila mwanawe, Fred, alikuwa na santuri za Bessie Smith, na mama mkubwa alipotoka, mashine iliwekwa sindano.

Hapo nyumbani na kando yake zilikuwapo njia tatu za kuimba, na anayetaka kuisikia sauti ya Mahalia lazima azitenganishe kwanza. Ya kwanza ni tenzi za taratibu za Wabaptisti, ambazo kiongozi huutoa mstari na waumini wakaupokea na kuuvuta, kila silabi ikizungushwa mpaka ipate manukato yake, bila ala yoyote. Ya pili ilitoka kwenye kanisa dogo la Utakatifu lililokuwa jirani, ambako waumini walipiga ngoma, matari, makofi na miguu. Mahalia alisema mara nyingi kwamba mdundo wake aliupata kwa watu wale. Ya tatu ni Bessie Smith, mwimbaji wa bluzi, ambaye kwake msichana huyu alijifunza namna ya kuijaza pumzi na kuliinamisha neno. Kanisa lilimpa wimbo. Santuri iliyokatazwa ikamwonyesha sauti inaweza kufika wapi. Kitabu chochote kinachomwonyesha kama mtoto wa kanisa peke yake kimeiacha theluthi moja ya shule yake.

Mwaka 1927 alipanda treni kwenda Chicago, akiwa msichana wa miaka kumi na mitano au kumi na sita. Hakuwa peke yake. Watu Weusi wa Chicago walikuwa kama 44,000 mwaka 1910. Kufikia 1930 walikuwa zaidi ya 230,000. Walikimbia mashamba ya pamba, mishahara duni na kamba za wauaji, wakaenda kwenye viwanda na machinjio ya Kaskazini. Wakafika na namna yao ya kuabudu. Makanisa makubwa ya Weusi ya mjini, yaliyojivunia wachungaji wasomi na kwaya zilizoimba Handel kutoka kwenye nota, hayakuwapokea kwa furaha. Kupiga makofi na kulia kwa wimbo kulionekana kuwa mabaki ya shamba. Mgongano huo, wa watu wa kanisa moja juu ya namna ya kumsifu Mungu, ndio uliouzaa muziki wa Injili tunaouita kwa jina hilo. Kwa hiyo mtafiti asitafute mwanzo wake kwenye sauti ya mtu mmoja. Autafute kwenye migogoro ya kamati za kwaya.

Katikati ya mgogoro huo alikuwapo Thomas A. Dorsey, aliyezaliwa Georgia mwaka 1899, mtoto wa mchungaji ambaye kabla ya kutumikia kanisa alimpigia piano mwimbaji wa bluzi Ma Rainey na kurekodi bluzi kwa jina la Georgia Tom. Agosti 1932 mke wake, Nettie, alifariki wakati wa kujifungua, na mtoto naye akafariki muda mfupi baadaye. Katika msiba huo akatunga "Take My Hand, Precious Lord". Ushuhuda huo ni maarufu na ni wa kweli. Usichokisema ni kwamba Dorsey pia alikuwa mfanyabiashara wa nota zilizochapwa. Tena biashara yake ilikuwa imevurugika mpaka Sallie Martin, mwimbaji asiyekuwa na sauti laini lakini mwenye kichwa cha hesabu, alipoingia na kuzipanga fedha. Wimbo ulihitaji mtu wa kuuimba mbele ya watu ili karatasi zinunuliwe. Mahalia alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo: alizunguka na Dorsey, akisimama makanisani na kwenye mikutano ya Wabaptisti, akiimba, na karatasi zikiuzwa mlangoni kwa senti. Mchana alikuwa akifua nguo za watu na kusafisha vyumba vya hoteli.

Kuna visa viwili vya miaka hii ambavyo ningependa kila mwanafunzi avijue. Cha kwanza ni kifupi. Alikwenda kwa mwalimu wa kuimba, Mwafrika-Mmarekani aliyesomea sauti, akalipa dola nne, akaambiwa aache kupiga kelele kwa kuwa namna yake iliwaaibisha Weusi. Hakurudi tena. Alikisimulia kisa hiki maisha yake yote, na ni rahisi kuona sababu: kinaisema hadithi nzima ya mjini na shamba kwa somo la saa moja.

Cha pili ni nadhiri. Babu yake alikuwa amekuja Chicago kumtembelea, akaanguka na kupoteza fahamu. Mjukuu akaomba, akamwahidi Mungu kwamba babu akipona hataingia tena kwenye kumbi za maonyesho ya kidunia. Babu akapona. Katika ushuhuda, nadhiri ni mlango uliofungwa mara moja. Katika maisha, ilibidi aufunge kila mwaka. Mwaka 1936 aliolewa na Isaac Hockenhull, kijana msomi wa kemia aliyekuwa hana kazi ya kudumu katika miaka ya mdororo wa uchumi. Mume aliamini kwamba sauti ile ilikuwa inapotezwa makanisani, akamsukuma aende kwenye usaili wa mchezo wa muziki ulioitwa The Swing Mikado. Akaenda. Akapata nafasi. Aliposikia kwamba mumewe amepata kazi, akaikataa nafasi. Ndoa ilivunjika miaka michache baadaye. Kampuni ya Decca, iliyomrekodi mwaka 1937 bila mauzo ya maana, ilitaka aimbe bluzi. Akakataa, na mkataba ukaishia hapo. Louis Armstrong, mwanamuziki wa jazi, alimwita kwenye bendi yake, akakataa. Vilabu vya usiku vilimwahidi maelfu ya dola kwa wiki, akakataa.

Mimi huhesabu kukataa huku kuwa sehemu ya sanaa yake. Lakini angalia mpaka ulipopita hasa, maana mpaka ndio unaotufundisha. Hakukataa kumbi kubwa: Oktoba 1950 aliimba Carnegie Hall mjini New York. Hakukataa tamasha la jazi: alipanda jukwaa la Newport mwaka 1957 na 1958. Mwaka huohuo wa 1958 alirekodi na mwanamuziki wa jazi Duke Ellington. Alitokea kwenye filamu, na katika "Imitation of Life" ya 1959 anaimba kwenye mazishi yanayoifunga hadithi. Alichokikataa ni mahali panapouzwa pombe, na maneno yasiyomtaja Mungu au yasiyobeba tumaini. Wapo waliomlaumu kwamba alikwenda mbali mno, na wapo waliosikitika kwamba hakwenda mbali zaidi. Mtafiti asiwe hakimu wa kesi hiyo. Auchore mpaka kwa uangalifu, aonyeshe ulihama lini na kwa sababu gani.

Tuje kwenye santuri, kwa sababu hapo wanafunzi wengi wa nyimbo za Injili hupita haraka. Mwaka 1946 Mahalia alijiunga na kampuni ndogo ya Apollo. Rekodi za mwanzo hazikuuzwa, na mwenye kampuni alikuwa karibu kumwacha. Septemba 1947 wakarekodi "Move On Up a Little Higher", utunzi wa Mchungaji W. Herbert Brewster wa Memphis. Santuri ya siku zile ilibeba kama dakika tatu kila upande. Wimbo wa kanisani hauishi kwa dakika tatu. Unahitaji muda wa kupanda. Suluhisho lilikuwa kuukata mara mbili: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa pili. Msikilizaji alilazimika kuinuka, kuigeuza santuri na kuendelea. Sikiliza pande zote mbili na utaona Mahalia ameipanga nguvu yake kwa hesabu hiyo: upande wa kwanza anatembea, wa pili anawataja mmoja mmoja wale atakaowakuta mbinguni, na mapigo yanaanza kusukuma. Mauzo yalikuwa makubwa kuliko wimbo wowote wa Injili uliotangulia, ingawa idadi hutofautiana sana, wengine wakitaja milioni mbili, wengine hadi nane. Mwanafunzi akikutana na takwimu kama hizo aandike nani aliyezisema na alikuwa anauza nini.

Brewster mwenyewe alieleza baadaye kwamba kupanda juu kulikokuwa kwenye wimbo kulihusu pia kupanda kwa watu Weusi hapa duniani, jambo ambalo katika Memphis ya wakati ule lingemgharimu aliyelisema waziwazi. Waumini walilisikia. Redioni, mtangazaji wa Chicago, Studs Terkel, alizipiga santuri hizo kwa wasikilizaji Weupe ambao hawajawahi kuingia kanisa la Weusi, nao wakasikia kitu kingine. Wimbo mmoja, hadhira mbili, maana mbili: ukiweza kulieleza hilo kwa wimbo wa mwimbaji unayemsoma, umeshaanza kazi.

Na sasa turudi kwenye lile swali la nani mwingine aliyekuwapo. Katika rekodi nyingi za Mahalia yuko mpiga piano, Mildred Falls. Mkono wake wa kushoto ndio unaozungusha mapigo, na wa kulia unajibu kila Mahalia anaponyamaza kuvuta pumzi. Walikaa pamoja karibu miaka ishirini, wakasafiri Kusini kwa gari wakati ambapo hoteli na migahawa mingi haikuwapokea Weusi, wakala na kulala walipoweza. Mahalia alikuwa mjuzi wa fedha: alikuwa na saluni, alikuwa na duka la maua, alitaka kulipwa taslimu kabla ya kuimba kwa kuwa aliwahi kudhulumiwa na waandaaji, na mwishoni mwa miaka ya 1960 jina lake liliwekwa hata kwenye mikahawa ya kuku wa kukaanga. Lakini waliowafahamu wote wawili wamesimulia kwamba malipo ya Falls hayakulingana hata kidogo na kazi yake. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu naipenda sauti ya Mahalia. Ushuhuda husema Mungu alinipa sauti. Hauna mstari wa kumtaja aliyeishika sauti hiyo isianguke.

Kuanzia 1954 alikuwa na kampuni ya Columbia, na mara nyingi aliwekewa vinanda vya nyuzi na kwaya laini nyuma yake. Tuzo zikaja, Ulaya ikamjua, Rais Kennedy akamwalika kwenye sherehe za kuapishwa mwaka 1961. Nayapita haya. La kukaa nalo ni kwamba mwaka 1956 aliponunua nyumba katika mtaa wa Chatham, Chicago, uliokuwa wa Weupe, madirisha yake yalipigwa risasi na polisi wakalazimika kuilinda nyumba hiyo. Nchi nzima ilimsikiliza redioni, na majirani hawakumtaka. Desemba ya mwaka huohuo alikwenda Montgomery, Alabama, akaimba kuchangia mgomo wa mabasi, akalala nyumbani kwa Mchungaji Ralph Abernathy. Wiki chache baadaye nyumba hiyo ililipuliwa kwa bomu.

Tarehe 28 Agosti 1963, Washington, mbele ya watu wapatao 250,000, aliimba kabla ya hotuba ya Martin Luther King. Kuna simulizi inayorudiwa sana: King akiwa katikati ya hotuba iliyoandikwa, Mahalia alimpazia sauti kutoka nyuma, akimtaka awaambie watu habari za ile ndoto, naye akaiacha karatasi. Clarence Jones, aliyesaidia kuiandika hotuba, ni miongoni mwa waliosimulia kumsikia. Wengine huisimulia kana kwamba mwimbaji ndiye aliyempa mhubiri ndoto. Sivyo. King alikwisha kuhubiri habari za ndoto hiyo Detroit tarehe 23 Juni mwaka huohuo. Mahalia alimfahamu kama anavyomfahamu mhubiri mama wa kanisa anayekaa kiti cha mbele: alijua ana mahubiri mengine bora kuliko haya, na akafanya lile ambalo itikio la waumini hufanya siku zote, akamwita mhubiri aende pale watu walipomngojea. Hotuba maarufu kuliko zote za karne ile Marekani iligeuka kwa utaratibu wa ibada. Asiyezijua ibada za makanisa hayo ataiona kuwa bahati. Wewe uliyekulia kwenye haleluya na amina huhitaji kuelezwa.

Alimwimbia King "Precious Lord" ya Dorsey kwenye mazishi yake mwaka 1968. Yeye mwenyewe alifariki karibu na Chicago tarehe 27 Januari 1972, moyo wake ukiwa umechoka kwa miaka mingi. Aretha Franklin akauimba wimbo uleule kwenye mazishi yake Chicago, kisha mwili ukarudishwa New Orleans.

Sasa niseme kidogo kuhusu waliotutangulia. Mahalia alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1966. Kisome kwanza, na ukisome kama ushuhuda. Anthony Heilbut alitupa mwaka 1971 "The Gospel Sound", kilichojaa mapenzi kwa waimbaji ambao dunia haikuwajua. Pearl Williams-Jones, mwanamuziki na msomi, alisisitiza katika miaka ya 1970 kwamba uzuri wa muziki huu upimwe kwa vipimo vya Weusi wenyewe. Michael W. Harris aliandika juu ya Dorsey na kuonyesha jinsi bluzi na kanisa vilivyokutana ndani ya mtu mmoja. Bernice Johnson Reagon, aliyeimba kwenye harakati za haki za kiraia kabla ya kuwa mwanahistoria, aliwarudisha watunzi kama Brewster mezani. Kwa upande wetu, Jean Ngoya Kidula ameandika juu ya nyimbo za Kikristo za Walogooli wa Kenya, na Gregory Barz juu ya kwaya za Tanzania. Wote wawili wanaonyesha kwamba kwaya ni jumuiya yenye uongozi, michango, safari na magomvi, kabla ya kuwa sauti.

Kitabu ninachokirejea zaidi ni cha Mark Burford juu ya Mahalia, kilichotoka mwaka 2019. Nguvu yake imetokana na karatasi zilizoko New Orleans. William Russell, mpenzi wa jazi aliyekuwa akimsaidia Mahalia nyumbani kwake Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika karibu kila siku: nani amepiga simu, wamefanya mazoezi ya wimbo gani, mchungaji gani hajalipa, Mildred amekuja au hakuja, chakula gani kimepikwa. Hakuna muujiza katika daftari zile. Zimejaa kazi. Na ukizisoma kando ya kitabu cha 1966, ushuhuda haupungui thamani. Unaanza kuuona ulivyojengwa, na kwa jasho la nani.

Waimbaji wetu hawakuwa na Russell. Lakini kila kwaya niijuayo ilikuwa na katibu, na katibu alikuwa na daftari: mahudhurio ya mazoezi, michango ya sare, nauli ya kwenda kurekodi, nani alitunga, nani alisimamishwa na kwa kosa gani, kanda ngapi zilichukuliwa na muuzaji na ngapi zililipiwa. Mengi ya madaftari hayo yako kwenye masanduku majumbani, na wenye mwandiko huo sasa ni wazee. Kabla ya kumtafuta mwimbaji kwa mahojiano, mtafute katibu. Nenda na mtu wa kanisa anayemfahamu, salimia, kaa, usianze na simu ya kurekodi mkononi. Omba kulipiga picha daftari hukohuko nyumbani kwake na umwachie mwenyewe, na umuulize, ukurasa kwa ukurasa, majina yale ni ya akina nani.